Hoteli Nne za Ostlingham

Vijana wangu wa ofisini, siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na kazi. Keki tumeila, saa nimeitundika jikoni, na kazi ndiyo hii: mnataka niandike nilivyoanza. Nimestaafu wiki tatu tu, na tayari mume wangu kila asubuhi ananiuliza leo naenda wapi, kwa hiyo nimekaa mezani nijifanye nina shughuli. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye mafaili na hayajawahi kumchekesha mtu. Nitawaambia habari za mwaka wangu wa kwanza, na hasa ile Ijumaa ambayo nusura nivae koti langu nitoke na nisirudi tena.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, ofisi haikuwa hiyo mnayoijua ninyi, yenye zulia na mashine ya kahawa inayoongea. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi kule Manassas, Virginia, hatua chache kutoka stesheni. Treni ikipita, vikombe vilitembea mezani. Tulitengeneza vitabu vidogo vya kuwaelekeza Wamarekani waliotaka kutembelea miji midogo ya Uingereza. Siyo London, hiyo kila mtu anaijua, bali vile vimji ambako babu wa mtu alitokea, au mjomba wake alipiga kambi wakati wa vita. Kila mji ulipewa ukurasa mmoja: maktaba iko wapi, posta inafungwa saa ngapi, bwawa la kuogelea lipo au halipo, basi linasimama wapi, utakula wapi, utalala wapi. Mtandao ulikuwapo, ila miji ile haikuwamo, kwa hiyo tulipiga simu mlango kwa mlango.

Kazi niliipata kwa kufua nguo. Tuliishi Fairfax, mume wangu akisoma chuo kikuu, mimi nina mtoto mmoja na diploma ya ualimu kutoka Morogoro ambayo hapa haikunifikisha popote. Siku moja, kwenye chumba cha mashine za kufulia mtaani kwetu, nikasikia mtu anagombana na mashine kwa Kiswahili. "Wewe! Rudisha soksi yangu! Si nimekulisha pesa?" Huyo ndiye Nekesa, mama wa Bungoma, Kenya, aliyekuwa opereta wa simu Eldoret kabla hajaja huku. Tulicheka, tukakunja mashuka pamoja, na kabla nguo zangu hazijakauka alishanihoji vya kutosha.

"Kizungu umesomea wapi?"

"Shuleni kwetu, dada. Kile cha Waingereza."

"Basi kesho uje na mimi job. Hawa wazungu wangu wa hapa hawaelewani na wale wa kule."

Nilidhani ananitania. Kesho yake Bwana Prentiss, mwenye ofisi, alinipa ukurasa ulioandikwa na vijana wake wa Kimarekani niusome. Ulisema kimji fulani chenye watu wachache kina vyumba viwili vya upasuaji. Nikamwambia, "Bwana, hivi siyo vyumba vya upasuaji. Mwingereza akisema 'surgery' ana maana ya zahanati, mtu anakwenda na mafua yake." Ukurasa ulisema pia kuna mwanakemia mmoja barabara kuu. Nikamwambia 'chemist' wa Waingereza ni muuza dawa. Aliniangalia kama nimetoa sungura kwenye kofia, akaniajiri palepale. Nilirudi Fairfax nimevimba kichwa. Jamani, nilijiona bingwa wa Kiingereza Virginia nzima.

Bwana Prentiss alikuwa mtu mpole, mrefu, ila alikuwa na hofu moja: kosa lililokwisha kuchapishwa. Kabla yangu kulikuwa na kijana aliyeandika makaburi ya mji mmoja kuwa bustani ya watoto. Familia ikaenda pale na kikapu cha chakula, ikakuta watu wanazika. Kijana hakumaliza wiki. Hadithi hiyo tulisimuliwa kila mtu siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Simu ya kuvaa kichwani, iliyobana masikio mpaka yakawa mekundu. Penseli ngumu. Kifutio kilichofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, kwa sababu vifutio vilikuwa vinaibwa. Na sanduku la kadi, kila mji kadi yake, yenye visanduku vidogo vya kutia alama na nafasi ya kuandika idadi. Ukutani kulikuwa na saa mbili, ya kwetu na ya Uingereza iliyotangulia saa tano. Mimi nilikuwa na ya tatu kichwani, maana mpaka leo saa nazihesabu kwa Kiswahili.

Nekesa ndiye aliyenifundisha. Usiwapigie mchana wakila. Waache kwanza waseme habari za mvua, usiwakate. Na usiulize 'je, kuna', uliza 'ngapi', kwa sababu Mwingereza kwa adabu zake ataitikia ndiyo ili usijisikie vibaya. "Ngapi haina adabu," alisema. "Ngapi ni namba." Kila kadi niliyojaza yeye aliikagua na kutia sahihi yake pembeni kabla haijaenda kwa tajiri.

Mambo magumu yalikuwa mengi, na mengine ya kijinga. Mara ya kwanza mwanaume wa posta aliponiita 'mpenzi' nilikata simu. Nekesa alicheka mpaka akashika meza. Kumbe kule kila mtu ni mpenzi, hata anayekuuzia stempu. Mji wa Ostlingham ndio ulinitoa jasho zaidi. Wiki nzima nilimpigia mama wa maktaba nikilitaja jina kama lilivyoandikwa, silabi kwa silabi, naye akinijibu kwa upole kama anayesikia habari za nchi ya mbali. Siku ya tano akaniuliza, "Oh, unamaanisha Ozlam?" Ozlam! Herufi zote zile wameziweka za nini?

Ukurasa wa Ostlingham niliupenda. Niliujaza mwenyewe, wa kumi na mbili katika kazi yangu: maktaba moja, kanisa, bwawa la kuogelea lililofunguliwa miezi ya joto tu, posta, baa moja, daraja la mawe, na hoteli nne. Nekesa alikagua, akatia sahihi. Kitabu kikachapishwa.

Mwezi wa tano akapanda ngazi zetu mzee mmoja, akihema. Alikuwa Mzee Alvin, mstaafu wa reli, jirani wa palepale Manassas. Alikuja kununua kitabu mwenyewe kwa sababu, alisema, haamini posta. Akaniambia alipelekwa Ostlingham akiwa askari wa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote ya ndoa amekuwa akimsimulia mkewe Dot habari za mji ule. Sasa macho ya Dot yalikuwa yanakwisha. Moja lilikuwa limezimika kabisa, na daktari alisema la pili halitavuka majira ya baridi. "Nataka alione lile daraja kwa macho yake," akasema. "Safari ni hii moja tu, binti. Hakuna nyingine."

Halafu akaniuliza, na swali hilo nalisikia mpaka leo: "Tuweke nafasi kabisa ya kulala, au tutapata tukifika?"

Nikafungua kitabu, nikamwonyesha kwa kidole, kwa madaha kabisa. "Mzee wangu, usijisumbue. Mji mdogo, hoteli nne. Mtafika, mtazunguka, mtachagua inayompendeza mama."

Akanishukuru. Akashuka ngazi taratibu, kitabu kifuani.

Sasa njooni kwenye Ijumaa. Bwana Prentiss alikuwa kwa mchapishaji, na kabla ya kuondoka aliagiza kwamba toleo jipya lionyeshe kila hoteli ina vitanda vingapi. Nikaanza na Ostlingham kwa sababu najua kuitamka. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi kwetu, kule saa nane na nusu mchana. Nikampigia Bi Olive, mama ambaye tulishaongea mara mbili, mwenye hoteli ya kwanza kwenye orodha yangu.

"Bi Olive, una vitanda vingapi?"

"Vitanda?" Akacheka. "Mpenzi, mimi nina meza sita na chai. Ukitaka kitanda umepotea njia."

"Lakini una hoteli."

"Nina duka la chai. Chai, keki, na supu siku za baridi. Nani amekwambia nina hoteli?"

Wanangu, nilikata simu. Nikapiga namba ya pili: samaki na chipsi. Ya tatu: mgahawa wa bustani, unafunga saa kumi na moja. Ya nne ilikuwa kibanda cha sandwichi kwenye kituo cha basi, na bwana wake akaniuliza kama nimelewa.

Nadhani mmeshaelewa. Kwetu Morogoro mtu akiwa na njaa anaingia hotelini, anaagiza chai na chapati, analipa, anatoka. Akitaka kulala anatafuta gesti. Kwenye kadi kulikuwa na kisanduku cha 'hotel', kisanduku cha 'restaurant', na kisanduku cha 'guest house'. Nilipopiga simu mwanzoni niliuliza, kwa mujibu wa mafunzo, ni sehemu ngapi mtu anaweza kupata chai na chakula. Wakasema nne. Restaurant kwangu ilikuwa pale penye vitambaa vyeupe na mtu wa kukuvutia kiti. Chai na keki? Hiyo ni hoteli. Nikaandika nne. Gesti sikuiona hata moja, nikaacha wazi, wala sikushtuka. Baadaye, mzee aliponiuliza pa kulala, nililisoma neno 'hotel' kitabuni kwa maana ya wazungu, nimeshasahau nilivyolihesabu. Mimi, niliyemfundisha tajiri maana ya 'surgery'!

"Dada Nekesa," nikaita. "Hii kadi uliikagua?"

"Si hiyo sahihi yangu unaiona?"

"Hoteli nne, ukaona sawa?"

"Chai iko, food iko, si ni hoteli?" Kisha akaichukua kadi mkononi. Nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo. "Woi," akasema. "Woi, Tatu. Hoteli ya wazungu ni ya kulala."

Oneni basi tulivyokwama: mwalimu na mwanafunzi walitoka nchi mbili na wakakosea neno lilelile. Mmarekani yeyote pale ndani angeuliza, na hakuulizwa Mmarekani.

Nikamweleza habari za Mzee Alvin. Waliondoka uwanja wa ndege wa Dulles Jumatano jioni, na mzee alikuwa ameniachia ratiba yake yote kwa fahari, imeandikwa kwa kalamu ya wino: usiku mmoja London, kisha treni, kisha basi linalofika Ostlingham Ijumaa saa kumi na dakika kumi. Leo. Simu ya mkononi hana. Nikaitazama saa ya Uingereza. Walibakiza kama saa moja na robo washushwe na masanduku yao, mzee wa miaka sabini na kitu na mke asiyeona vizuri, wachague kati ya hoteli nne ambazo hazipo.

"Usi-panic," Nekesa akasema, huku yeye mwenyewe ameivaa simu kinyume. "Shika line ya kwanza, mimi nashika ya pili. Tutafute kitanda."

Tulipiga simu mji mzima. Baa ilikuwa na vyumba viwili juu, vyote vimechukuliwa na watu wa harusi. Mji wa jirani, gesti zimejaa kwa ajili ya maonyesho ya maua. Nyumba ya mchungaji haikupokea simu. Posta wakasema pole. Mama wa maktaba alipekua daftari lake la matangazo akapata chumba cha kupangisha, akapiga yeye mwenyewe kutuulizia, kumbe kilishapangishwa. Nekesa alikuwa anapiga na kuomba Mungu kwa zamu, mimi nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Ilipofika saa tano kasoro robo tulikuwa tumemaliza namba zote za ukurasa, hadi bwawa la kuogelea.

Nikampigia tena Bi Olive, sikuwa na mwingine. Nikamweleza yote bila kuficha, kosa ni langu, neno ni langu, wazee hawana hatia.

"Mkewe haoni?" akauliza.

"Jicho moja tu, nalo linakwisha. Amekuja kuona daraja."

"Basi la saa kumi na dakika kumi?"

"Ndiyo, mama."

"Niachie mimi, mpenzi. Nina keki kwenye oveni." Akakata.

Keki kwenye oveni! Nilikaa nimeshika penseli, nalitazama koti langu mlangoni, sijui nimepata msaada au nimefukuzwa. Treni ikapita, vikombe vikatembea, hakuna aliyevishika. Saa tano na dakika kumi ikafika. Na ishirini. Saa tano na nusu simu ikalia, Nekesa akaidaka kabla yangu, akasikiliza, akanipa huku machozi yanamtoka.

"Nimewapata kituoni," Bi Olive akasema. "Wamekaa dirishani wanakunywa chai. Yule mzee anaongea kama redio. Usiku wana kitanda kizuri."

"Wapi, mama? Kitanda kimetoka wapi?"

"Kitanda ni kitanda," akasema. "Na sijawaambia kitu, kwa hiyo nawe tulia."

Alhamdulillahi! Nilivua ile simu nikamkumbatia Nekesa, tukarukaruka mpaka mtu wa matairi akagonga dari yake kwa fimbo kutunyamazisha. Nilikula siku hiyo chakula cha mchana cha watu wawili.

Lakini lilibaki la Bwana Prentiss. Nekesa alinishauri tuzibe mdomo: toleo jipya tutarekebisha kimya kimya, wazee wamelala salama, nani ameumia? "Mimi niko na watoto watatu, Tatu. Na sahihi ni yangu." Sikumlaumu, na mwisho wa juma wote niliwaza vivyo hivyo. Nilimkumbuka kijana wa makaburi. Nikasema nitaamua Jumatatu.

Jumatatu saa tatu na nusu simu ikalia mezani kwangu. Bwana Prentiss alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anatafuta kalamu yake ambayo ilikuwa sikioni kwake.

"Binti!" Alikuwa Mzee Alvin. "Napiga kusifu. Daraja lipo, Dot ameliona. Jana alikaa juu yake saa nzima, hakutaka kuondoka. Maktaba ipo, kanisa lipo, kitabu chenu hakina uongo." Akakohoa. "Ila hii hoteli."

"Hoteli imefanya nini, mzee wangu?"

"Ni ndogo mno. Ina kitanda kimoja. Na leo nimeamka mapema, nimeshuka kutafuta maji, nimemkuta mwenye hoteli amelala sakafuni katikati ya meza, amejifunika vitambaa vya mezani. Anasema ni kwa ajili ya mgongo. Nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote, nimelala hoteli za kila namna, sijaona mwenye hoteli akilala sakafuni. Ndiyo desturi ya Waingereza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na yangeishia hapo. Nikamwangalia Nekesa, naye alikuwa amesikia, maana mzee alipaza sauti kana kwamba anatuita kutoka Uingereza bila simu. Nekesa akafumba macho, akaitikia kwa kichwa: sema.

"Mzee Alvin, hiyo si hoteli," nikasema, na kwa makusudi nikasema kwa sauti ya kusikika na aliyekuwa nyuma yangu. "Ni duka la chai. Ostlingham haina hoteli hata moja. Nilikosea mimi. Kwetu mahali pa kunywa chai tunapaita hoteli, nikaandika hivyo, nikakwambia usiweke nafasi. Hicho kitanda ni cha Bi Olive mwenyewe."

Nyuma yangu kalamu haitafutwi tena.

Halafu nikasikia mzee anageuka na kupiga kelele ndani ya nyumba ya watu: "Dot! Dot, shuka mke wangu! Umelalia kitanda cha mama wa watu!"

Sauti ya bibi ikajibu kutoka juu ya ngazi, kali, haina mzaha. "Siku tatu nakwambia, Alvin! Siku tatu! Hoteli gani ina picha ya harusi ya mwenyewe ukutani? Mimi ndiye kipofu au wewe?"

Na hapo Bi Olive, nadhani alikuwa na sinia mkononi maana kitu kilianguka, akaangua kicheko. Mzee akafuata. Dot akashuka huku akicheka. Wazee watatu, ng'ambo ya bahari, wakicheka mpaka wakakosa pumzi, na aliyechekwa ni mimi.

Mkono ukanyooshwa kutoka nyuma. Nikavua simu nikampa Bwana Prentiss. Akaiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu, uso umekaza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Aliponirudishia alikuwa anafuta macho.

"Mwambie yule mama arudi kitandani kwake, mimi nitawatafutia wazee pengine," akasema. "Halafu wewe na Nekesa mniletee kadi zote. Zote."

Nikaivaa tena. Walikuwa hawajanyamaza. Mzee Alvin alijaribu kunieleza jambo, akashindwa, akaanza upya, akashindwa. Nikacheka nao huku nalia, kamasi na machozi, sijali nani ananiona. Nimechekwa mara nyingi katika maisha yangu, ila siku hiyo ndiyo pekee niliyomshukuru Mungu kwa kuchekwa.